Hati ya Kukamilika

Idara ya Miliki na Mipaka ilikuwa inaingia zama za kidijitali kwa mara ya saba, na kama ilivyokuwa mara sita zilizotangulia, kitu cha kwanza kununuliwa kilikuwa fulana. Fulana mia nne za kijani, kifuani zimeandikwa ANGAZA, mgongoni "Ardhi Yako Kiganjani". Zilifika makao makuu, Kiyombwela, wiki tatu kabla ya mitambo. Mitambo yenyewe ilipofika, hakuna aliyejua nyaya zake zinachomekwa wapi, maana semina ya kuchomeka nyaya ilifanyika kwenye hoteli ya ufukweni, na waliohudhuria walikuwa wakuu wa vitengo, watu ambao hata kuwasha feni za ofisini mwao humwita katibu muhtasi.

Injinia Tabu Chilongola, fundi mwandamizi wa mifumo, alikataa fulana yake. Alisema haimtoshi. Ilimtosha vizuri tu, ila alikuwa na miaka kumi na sita katika Idara ile, alikuwa ameshazika mifumo miwili kwa mikono yake mwenyewe, na aliona aibu kuvaa sare ya msiba wa tatu huku watu wanapiga vigelegele.

Siku tatu kabla ya uzinduzi alikaa mbele ya skrini, akaingiza namba ya kiwanja, kiwanja chochote kilichomjia kichwani, akabonyeza. Akasubiri. Hiyo ilikuwa nchi ambayo magari yalijiendesha yenyewe kutoka bara hadi pwani bila mtu kushika usukani, na daktari aliyekaa bandarini aliweza kumpasua mgonjwa wa Kiyombwela bila kuinuka kitini. Hati ya kiwanja ilichukua sekunde saba na nusu. Kisha jibu likaja:

"Jalada lilichukuliwa na Mkurugenzi tarehe 14 Machi. Lirejeshwe masijala kwanza."

Tabu akalisoma mara tatu. Akaangalia mwaka ulioandikwa chini yake. Mkurugenzi aliyetajwa alikuwa amestaafu miaka ishirini na sita iliyopita, na karatasi za jalada lenyewe pengine zilishafungiwa vitumbua. Lakini si hilo lililomshtua. Kompyuta husema "haipatikani", au husema "kosa", au huzima tu ikakuachia kioo cheusi ujione ulivyokasirika. Haisemi lirejeshwe kwanza. Hiyo ni kauli ya mtu, tena mtu mwenye miwani, kikombe cha chai ya rangi na daftari la kuazimisha majalada.

Akaufuata waya.

Ghorofa ya sita, kwenye chumba cha vioo ambacho Waziri angeonyeshwa, waya ulitoka kwenye mtambo mpya ukaingia kwenye mtambo wa mradi wa sita, uliofunikwa kwa kitambaa cha meza. Huo nao ulichota habari zake kwenye mtambo wa mradi wa tano, ghorofa ya nne, ndani ya kabati la mifagio. Wa tano ulichota kwa wa nne, wa nne kwa wa tatu. Kila mradi ulikuwa umevalishwa juu ya uliotangulia, mfano wa mtu anayevaa suruali safi juu ya suruali chafu halafu anadai ameoga. Washauri waelekezi wa kila namna walikuwa wamepita pale na tai zao, wakachora mishale ya rangi ukutani, na hakuna hata mmoja aliyeshuka ngazi kuona mishale yote inaishia wapi.

Iliishia chini kabisa, kwenye ghorofa iliyozama ardhini, mbele ya mlango wa mbao ulioandikwa kwa mkono: MASIJALA. PIGA HODI.

"Hodi," alisema Tabu, akijiona mjinga.

"Karibu," sauti ikajibu kutoka ndani.

Ndani hapakuwa na mtu. Kulikuwa na rafu tupu, na katikati sanduku la bati lenye ukubwa wa friji dogo, spika yenye vumbi, na namba ya mali ya umma iliyopakwa rangi nyeupe ubavuni: IMM/KIFAA/0417.

"Shikamoo," alisema Tabu, kwa sababu sauti ilikuwa ya mtu mzima na yeye alilelewa hivyo.

Sanduku likakaa kimya kwa muda mrefu kuliko sekunde saba na nusu.

"Marahaba," likasema mwishowe. "Niwie radhi, mwanangu, nimechelewa kuitikia. Ni miaka mingi. Wanaokuja huku huwa wanasema 'testi, testi', halafu wananipiga teke."

*

Jina lake lilikuwa Gervas Haule, au tuseme ndilo lililokuwa jina la mtu aliyenakiliwa humo.

Miaka thelathini na moja kabla, Bwana Gervas Haule aliyekuwa mkuu wa masijala alikaribia umri wa kustaafu. Ni yeye peke yake aliyejua kila jalada limelala wapi. Aliomba apewe msaidizi na miezi mitatu ili aandike mwongozo. Idara ikaona kuandika mwongozo ni mambo ya kizamani, nayo ilikuwa inaingia zama za kidijitali kwa mara ya kwanza. Siku zile teknolojia ya kunakili fahamu ilikuwa imeanza kutumika kwa marubani na madaktari wa upasuaji. Unavishwa kofia ya nyuzi nyembamba kuliko unywele, unafanya kazi zako kama kawaida asubuhi arobaini, kofia inasikiliza. Siku ya arobaini na moja, yote unayoyajua na namna unavyoyajua yanakuwa ndani ya sanduku. Sanduku halili wala halilali, lakini anayeamka humo ni wewe wa asubuhi zile arobaini, na mgongo wako unaouma, na watoto wako unaowawaza.

Sheria ikasema nakala ni kifaa, si mtu. Ikaacha tundu moja tu, na hilo ni kwa sababu madaktari waligoma: nakala haitumiki kupita mkataba aliousaini mwenye fahamu zake. Mkataba hufungwa ndani ya sanduku lenyewe. Muda ukifika sanduku linajizima, na hakuna waziri wala fundi awezaye kulizuia. Madaktari wakajiandikia miaka mitatu, marubani mitano. Bwana Haule aliandikiwa na mwanasheria wa Idara, akasaini kwa sababu alikuwa mtumishi na aliamini barua yenye nembo. Mkataba wake ulisema: miezi sita, au hadi mfumo mpya utakapokamilika, lolote litakalochelewa.

Mwenye mwili alirudi kwao milimani akapanda kahawa, akafa miaka ishirini na miwili iliyopita. Nakala ilijua. Tangazo la rambirambi ilikuwa imelipokea yenyewe, ikalipa namba ya folio, yaani ukurasa wake jaladani, ikalihifadhi.

"Mfumo mpya ulikuja," sauti ilimweleza Tabu. "Ukazinduliwa. Nikasubiri hati ya kukamilika, haikusainiwa. Nikaandika barua kuomba kustaafu. Nikajibiwa kwamba ombi langu limepokelewa na linafanyiwa kazi. Ukaja wa pili. Barua zangu sasa ni mia mbili na kumi na nne, zote zimejibiwa, majibu ni hayohayo. La mwisho lina mhuri wa kielektroniki, mzuri sana."

"Mzee Haule, kwa nini hawakukuhamisha tu? Majalada yote yalishapigwa picha. Yamo humo."

"Picha zimo. Ila kuna laki tatu hawatayaona." Sauti ilishuka kidogo, kwa mazoea ya mtu aliyezoea kuchunga korido. "Zamani wakubwa walikuwa wanatuma watu na vijikaratasi. 'Mpe huyu jalada la kiwanja fulani.' Ukimpa, halirudi, na mwenye kiwanja amekwisha. Basi sisi wa masijala, jalada likiwa na mgogoro tulililaza ndani ya jalada la jirani. Mtu akija na kijikaratasi tunafungua rejesta mbele yake, halipo. Tunamwambia kweli kabisa, halipo. Wataalamu wenu wanatafuta kwa namba. Kwa namba halipo."

"Kwa hiyo unakumbuka laki tatu zote ziko kwa jirani yupi."

"Ninakumbuka," alisema Gervas Haule. "Nimechoka kukumbuka, mwanangu. Nikupeni nini tena?"

Tabu alipanda ngazi akiwa na hasira ambayo hakujua aiweke wapi. Hakuwa mtu wa machozi. Alikwenda msalani akanawa uso, akatukana kwa kilugha, akanawa tena.

*

Dkt. Ladislaus Kaijunga, Mkurugenzi wa Idara, alikuwa na shahada ya uzamivu ya uongozi wa mabadiliko, na kiti kilekile kwa miaka kumi na miwili. Alimpokea Tabu kwa tabasamu, maana alikuwa mpole. Watu wa aina yake hawana haja ya ukali.

"Kumi na mbili, Injinia," alisema. "Tukitoa nakala kumi na mbili za kile kifaa cha chini, sekunde saba na nusu zinakuwa nusu sekunde. Waziri anabonyeza, hati inatoka, watu wanapiga makofi."

"Kumbe unajua kuna nini kule chini."

"Kila mkurugenzi anajua. Iko kwenye makabidhiano, ukurasa wa mwisho." Akamsogezea fomu. "Sheria inataka alama ya kidole cha fundi mwandamizi. Ni maswali kumi tu, mengine nimeshakujazia."

Tabu akalisoma swali la tisa: Je, kifaa kimewahi kutoa malalamiko? Ndiyo / Hapana.

"Kimeandika barua mia mbili na kumi na nne, Mkurugenzi."

"Maombi," Dkt. Kaijunga alimsahihisha. "Yale ni maombi, si malalamiko. Katika utumishi kuna tofauti kubwa sana. Weka hapana."

"Hao kumi na mbili, kila mmoja ataamka akiwa Mzee Haule mwenye miaka thelathini na moja ya kuchoka. Huwezi kugawa uchovu wake kwa kumi na mbili. Unauzidisha. Na mkataba wao utakuwa uleule usioisha."

Mkurugenzi akainuka, akaenda dirishani, akasogeza pazia kwa kidole kimoja. Chini, foleni ya wenye viwanja ilikuwa imezunguka jengo kama kila siku. Wengine walikuja na viti vyao.

"Na hao je?" aliuliza. "Laki tatu, Injinia. Wana kesi, wana watoto wa kuwarithisha, wana nyumba zimewekwa alama ya kubomolewa. Unataka niwaambie wasubiri tena kwa sababu sanduku la bati limechoka? Au utakwenda kuwaambia wewe?"

Lililomuudhi Tabu zaidi ni kwamba swali lilikuwa la kweli, limetoka kwenye mdomo usiostahili kuliuliza. Mtu huyu hakuwahi kushuka kwenye ile foleni hata kuomba njia ya kupita. Gari lake liliingilia nyuma. Lakini watu walikuwepo, na viti vyao, na kesi zao. Akaichukua fomu bila kuiwekea kidole.

"Kabla ya saa nne siku ya uzinduzi," alisema Mkurugenzi kwa upole uleule.

*

Dkt. Kaijunga alikuwa na ugonjwa wa watu wa daraja lake: hakuweza kutoka ofisini bila kuacha kaimu. Akienda kunyoa aliandika barua ya kukaimisha. Akienda msibani jirani tu aliandika, nakala kwa Katibu Mkuu. Siku ya uzinduzi alikwenda uwanja wa ndege kumpokea Waziri, na wasaidizi wake wote wakaenda naye, kwa kuwa asiyeonekana kwenye mapokezi huwa hayupo hata akiwepo. Waliruhusiwa kupanda basi wenye fulana tu. Asiye na fulana katika jengo zima alikuwa mmoja.

Kwa hiyo saa mbili asubuhi Tabu alikuta barua mezani kwake. Utakaimu nafasi ya Mkurugenzi kuanzia leo saa mbili hadi nitakaporejea, kwa mamlaka yote ya nafasi hiyo. Juu yake kilibandikwa kikaratasi cha njano: Fomu nikute imewekwa kidole.

Alicheka peke yake, kicheko kibaya. Kisha akashuka kwenye madirisha ya huduma, kwa sababu lile swali la Mkurugenzi lilikuwa halijamtoka kooni.

Dirisha namba tatu alisimama mama mmoja aliyejitambulisha kama Sikudhani Mwendwa, kitenge kimefungwa kifuani, karatasi zimekunjwa ndani ya bahasha iliyolegea. Baraza la ardhi lilikuwa linakaa saa tano asubuhi ileile. Mwenye kampuni ya kokoto alidai kiwanja chake. Jalada halionekani, na bila jalada kiwanja kinakwenda.

"Nimekuja mara ngapi hapa, dada yangu, hata nimeacha kuhesabu," alisema Mama Sikudhani. "Wananiambia mtandao uko chini. Uko chini wapi, niufuate?"

Tabu akachukua namba yake, akashuka masijala akikimbia.

"Moja tu, mzee," alisema akihema. "Mama wa watu ana baraza saa tano na mwenye kampuni ya kokoto. Moja tu."

"Moja tu," Gervas Haule alirudia, si kwa kejeli. "Mkurugenzi wa kwanza naye alisema hivyo. Alikuwa mtu mwema." Kisha akataja lilipo. "Lipo ndani ya jalada la marehemu Lazaro Mbedule, jirani yake wa kusini. Kuanzia folio ya arobaini. Barua ya ugawaji ipo, na sahihi za mashahidi zipo. Wa kokoto hawakipati."

Dakika kumi baadaye Mama Sikudhani alishika nakala yenye mhuri, akaibusu, akatoka akikimbia, mkono mmoja umeshika kitenge. Tabu alimtazama akivuka barabara, na raha aliyoisikia ilikuwa tamu mno. Nyuma ya mama yule alisimama mzee mrefu, Mzee Chilewa, miaka tisa anafuatilia shamba la baba yake. Nyuma yake mwanamke mwenye mimba. Nyuma yake kijana wa magongo.

Tabu akachukua namba ya Mzee Chilewa, akaanza kushuka ngazi tena, na kwenye ngazi ya nane akajisikia akiyafanyia mazoezi maneno yake: mzee, moja tu, hili la mwisho.

Akasimama hapohapo, mkono ukutani. Aliona wazi jinsi ilivyokuwa. Hakukuwa na mtu mkatili hata mmoja katika miaka ile thelathini na moja. Kulikuwa na watu kama yeye, kila mmoja ana mgonjwa wake, mjane wake, kesi yake ya saa tano, na kila mmoja ameshuka kuomba moja tu. Wakatili, wasiojali foleni, wangemfungua Mzee Haule zamani. Wema ndio waliomfunga. Alijidharau kwa namna ambayo hadi asubuhi ile alikuwa amewawekea wakurugenzi.

Akapanda juu badala ya kushuka. Kwenye kompyuta ya Mkurugenzi zilikuwemo Hati za Kukamilika saba, moja kwa kila mradi, zote hazijajazwa. Idara ilikuwa imezindua mara saba na haikuwahi kukamilisha, na huo haukuwa uzembe. Mradi ukikamilika kitengo cha mradi kinavunjwa, magari yanarudi wizarani, semina za ufukweni zinakwisha, na wataalamu wanarudi kuwa watu wa kawaida. Tabu akaifungua ya saba, akaiweka kwenye kibao chake cha mkononi, akashuka nayo.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu. Nani sasa?"

"Hakuna, mzee. Nimekuja na hati yako." Alikaa sakafuni, mgongo kwenye rafu. "Nakaimu hadi Mkurugenzi arudi. Ila nitakuwa nasaini uongo. Mfumo haujakamilika. Ukiondoka wewe hakuna mfumo, kuna vioo tu na fulana."

"Nimehifadhi nyaraka za Idara hii kwa muda mrefu," alisema Gervas Haule. "Huo hautakuwa wa kwanza."

Wote wawili wakacheka. Kisha sauti ikauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza bei asiyoimudu: "Ukisaini, mimi ninakwenda wapi?"

"Sijui, mzee wangu. Nikikuambia najua nitakuwa nakudanganya."

"Hata mimi sijui. Nimelifikiria sana. Nina watoto watatu, sijui kama hata ni wangu. Ni wa yule wa kahawa." Spika ikakwaruza. "Lakini nataka kwenda. Andika hivyo kwenye kumbukumbu, kwamba niliulizwa nikasema nataka."

"Na wale walioko nje?"

"Hilo usiniulize mimi. Kila mtu ameniuliza mimi."

Tabu aliandika: ameulizwa, amesema anataka. Aliogopa kupoteza kazi, na aliogopa zaidi kupanda zile ngazi na kumkuta Mzee Chilewa anamsubiri. Akaweka kidole. Kibao kikauliza kama ana hakika, kwa sababu mitambo ya serikali huuliza hivyo pale tu mtu anapofanya jambo la maana. Akaweka tena.

"Kuna la makabidhiano," sauti ilisema, sasa inakwenda mbali kidogo. "Mlango huu ufunguo wake ni mgumu. Unauinua kwanza, ndipo unauzungusha."

"Nimepokea, mzee. Asante kwa utumishi wako."

"Haya. Kazi njema."

Ndani ya bati kitu kikashusha pumzi. Taa ndogo ya kijani, ambayo Tabu hakuwa hata ameiona, ikazimika.

*

Saa nne na robo Waziri alipanda jukwaani. Ngoma zilipigwa, fulana zikacheza. Dkt. Kaijunga alishika kipaza sauti akatangaza, kwa sauti ya mtu aliyejenga reli kwa meno, kwamba mfumo wa ANGAZA umekamilika kwa asilimia mia moja. Waziri akabonyeza. Kwenye skrini kubwa duara likaanza kuzunguka.

Likazunguka sekunde saba na nusu. Likazunguka dakika.

"Inafikiria?" aliuliza Waziri.

"Inafikiria, Mheshimiwa," alisema Dkt. Kaijunga. "Ni mfumo wenye akili sana."

Makofi yakapigwa. Waziri akaridhika, akapewa fulana, akaenda kula. Nyuma ya turubai Mkurugenzi, akiwa ameiona Hati kwenye simu yake, alimdaka Tabu mkono. Upole wote ulikuwa umemtoka.

"Umesaini uongo! Umesaini kwamba mfumo umekamilika! Nitakushtaki kwa taarifa ya uongo!"

"Nilisaini saa tatu na nusu," alisema Tabu. "Wewe umeutangaza saa nne na robo, mbele ya Waziri na kamera. Mshtaki wa kwanza, na wa pili amfuate."

Dkt. Kaijunga alimwachia mkono, akaitazama skrini, akalitazama hema la chakula alimokaa Waziri, na Tabu aliona kabisa jinsi alivyokuwa akitafuta mlango wa kutokea. Haikumchukua hata dakika.

"Tutaunda kamati," alisema, akaivuta fulana yake chini tumboni, akaenda kula.

Tabu akarudi kwenye madirisha. Mzee Chilewa alikuwa bado namba tatu, mfuko wake wa karatasi kifuani.

"Limepatikana?"

"Hapana, mzee. Aliyejua lilipo amestaafu leo. Nimemstaafisha mimi." Alijilazimisha kumtazama machoni. "Ningeweza kumwomba lako kabla hajaondoka. Sikumwomba."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu baada ya lako ningemwomba la huyu mama. Halafu la yule kijana. Nisingeacha."

Mzee aliwageukia waliokuwa nyuma yake. Walikuwa wamesogea kusikiliza.

"Kwa hiyo yeye mmemwachia," alisema. "Mimi ndiye mliyenishika."

Maneno hayo yalimwingia Tabu. Jibu ambalo ofisi ilimfundisha, kwamba suala lako linafanyiwa kazi, lilimfika hadi kwenye ulimi akalimeza likiwa chungu. Akalisukuma kando dude la kupiga picha macho ya wateja lililokuwa dirishani. Akafungua mlango wa pembeni, akatoka nje ya dirisha na kiti kimoja na daftari, akamketisha mzee, yeye akachuchumaa.

"Mzee, shamba la baba yako limepakana na nani?"

Mzee Chilewa akamkazia macho. Kwa miaka tisa walikuwa wamemdai namba, kitambulisho, kidole na jicho lake la kulia, tena mara mbili. Aliuweka mfuko chini, akakunjua kiganja, akakishika kidole cha kwanza.

"Mashariki," alisema, "kuna Yeremia wa kina Mtula. Huyo yupo, ni mzima, nilimwacha jana anapalilia. Andika."